Binti wa kabaila aliyekataa kudai shamba la babake

Ardhi haina utani. Ndugu waliozaliwa tumbo moja hufikishana mahakamani kwa sababu ya kipande kisichotosha kujenga hata zizi la ng'ombe, na mataifa yaliyokuwa yakiuziana nafaka jana huanza kupigana leo kwa sababu ya mto mmoja au kilima kimoja. Anayenyang'anywa husubiri. Akifa, huwaachia wanawe kazi ya kusubiri, nao huwarithisha wajukuu chuki ikiwa ingali mbichi.

Ndiyo maana inafaa kuyatazama maisha ya bibi mmoja wa Ujerumani, Marion Dönhoff. Alizaliwa katika mojawapo ya nyumba kubwa za makabaila wa nchi yake, akapoteza karibu kila kitu isipokuwa farasi na mfuko wa mgongoni, kisha baada ya miaka 25 ya kushindana na moyo wake mwenyewe akaunga mkono mbele ya taifa zima uamuzi wa kutolidai tena shamba lile. Wala asidhani mtu kwamba hakulipenda. Alilipenda mpaka siku aliyokufa.

KASRI LENYE MIAKA MIA MBILI

Marion alizaliwa tarehe 2 Desemba 1909 katika kasri la Friedrichstein, kilomita 20 hivi mashariki ya mji wa Königsberg. Sehemu hiyo iliitwa Prussia ya Mashariki, nchi ya maziwa, misitu, mashamba ya ngano na farasi wazuri, ambako theluji hufunika kila kitu kwa miezi kadhaa ya mwaka. Ukoo wa Dönhoff ulikuwa umelinunua shamba hilo mwaka 1666, na kasri lenyewe lilijengwa mwanzoni mwa karne iliyofuata. Babake, August Karl, alikuwa amewahi kuwa mwanadiplomasia na mbunge. Mamake alikuwa amemhudumia mke wa Mfalme wa Ujerumani katika jumba la kifalme. Jina la mtoto huyo, ambaye alikuwa kitinda mimba, lilitanguliwa na cheo cha Gräfin, wanachopewa wanawake wa koo kubwa.

Lakini tusiulize tu nani alikuwa na ardhi. Tuulize pia aliipataje. Prussia ile ilikuwa na wenyewe kabla ya Wajerumani. Katika karne ya 13 mashujaa wa kidini wa Kijerumani waliingia kwa upanga na msalaba, wakawashinda wenyeji walioitwa Waprussia, wakawatawala. Lugha ya wenyeji hao ilififia, na ilipofika mwanzoni mwa karne ya 18 hapakuwa na mtu aliyeizungumza. Kilichosalia ni jina lao, nalo lilichukuliwa na waliowashinda. Kwa hivyo mtu anapotaja ardhi ya mababu katika sehemu hiyo ya dunia, yafaa aambiwe kwamba chini ya mababu hao wamelala mababu wengine.

Walioilima ardhi hiyo walikuwa watu wa namna nyingine kabisa. Hadi mwaka 1807, ilipotangazwa amri ya kuwakomboa, wakulima wa Prussia walifungwa kwenye shamba la bwana wao kama mti ulivyofungwa na mizizi. Baada ya ukombozi wengi wao walibaki vibarua. Malipo yao hayakuwa fedha nyingi. Walipewa nyumba, nafaka, viazi, kuni na mahali pa kufugia ng'ombe. Mtoto wa kibarua alikua akijua kwamba atakuwa kibarua, na mtoto wa kasri alikua akijua kwamba yeye ndiye atakayetoa amri.

Hata hivyo Marion na ndugu zake hawakulelewa kama mayai. Babake alikuwa mzee tayari alipozaliwa, akafariki mwaka 1920 msichana huyo akiwa na umri wa miaka 10. Wazazi wa tabaka lile hawakuonana na watoto wao sana. Watoto waliachiwa walezi na waalimu. Basi wao wakakimbilia kwenye mazizi ya farasi na karakana ya seremala, na huko wakajifunza mambo ambayo hayakufundishwa mezani. Msichana huyo alijua kumpanda farasi kabla ya kujua kusoma vizuri.

Mwaka 1924 kifo kilimpitia karibu. Gari walilokuwa wakisafiria kutoka pwani lilitumbukia usiku katika mto Pregel mjini Königsberg. Watoto wawili walikufa maji. Yeye alitoka, na jambo hilo hakulisahau.

MSICHANA MMOJA DARASANI

Baada ya ajali hiyo alipelekwa mbali na nyumbani kusoma. Huko Potsdam alijikuta msichana peke yake katika darasa la wavulana, akamaliza masomo yake. Kisha alitembea dunia kama walivyofanya vijana wa matajiri. Alifika Marekani, na alifika pia hapa Kenya, ambako kaka yake Christoph alikuwa akiishi katika siku zile za ukoloni wa walowezi.

Aliporudi alisomea uchumi mjini Frankfurt. Hiyo ilikuwa miaka ambayo Adolf Hitler alikuwa akipanda ngazi ya utawala. Wengi katika tabaka la makabaila waliona heri Hitler kuliko wakomunisti. Marion aliona kinyume. Alishirikiana na wanafunzi wa mrengo wa kushoto, akagawa makaratasi ya kuwapinga Wanazi, hata akapewa jina la utani la Gräfin Mwekundu. Hitler alipotwaa serikali mwaka 1933, binti huyo alihama akaenda kusoma Basel, katika nchi ya Uswisi.

Huko alitaka kuandika tasnifu yake juu ya mawazo ya Karl Marx. Profesa wake, Edgar Salin, alimshauri vingine: aandike juu ya kitu anachokijua yeye ambacho hakuna mwingine anayeweza kukiandika, yaani namna shamba la ukoo wake lilivyopatikana na kuendeshwa tangu zama za kale. Alikubali. Alirudi Friedrichstein, akajifungia na makaratasi ya karne nyingi yaliyokuwa yamerundikwa kasrini, akasoma hati za mauzo, hesabu za mavuno na barua za mababu. Mwaka 1935 alipata shahada ya udaktari. Huenda ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza wa ukoo wake kuijua ardhi ile kwa hesabu zake na si kwa sifa zake tu.

Mila ya nyumba hizo ilikuwa kwamba shamba haligawanywi. Mtoto mmoja wa kiume hushika yote, wengine hutafuta njia yao, na mabinti huolewa. Marion hakuolewa, na vita vilipoanza mwaka 1939, kaka zake wakiitwa jeshini, yeye ndiye aliyebaki na funguo. Aliyasimamia mashamba ya ukoo, akaishi katika shamba la Quittainen upande wa magharibi. Mwaka 1942 kaka yake mkubwa Heinrich, mrithi wa Friedrichstein, aliuawa vitani. Mila ilikuwa imemnyima mabinti wote usukani, lakini vita havikuulizia mila. Mwanamke huyo wa miaka thelathini na kitu akawa ndiye bwana shamba.

MARAFIKI WALIONYONGWA

Kazi ya shamba ilimpa pia kisingizio cha kusafiri huku na huko bila kushukiwa. Marafiki zake kadhaa walikuwa katika mpango wa kumuua Hitler na kuuangusha utawala wake, na yeye alijua habari hizo na kusaidia kuwaunganisha watu wa Prussia ya Mashariki. Mmoja wao alikuwa binamu yake, Heinrich von Lehndorff, ambaye shamba lake la Steinort lilikuwa karibu na makao makuu ya Hitler msituni.

Tarehe 20 Julai 1944 bomu lililipuka chumbani mwa Hitler. Hitler akapona. Kilichofuata kilikuwa kisasi. Lehndorff alikamatwa, akatoroka, akakamatwa tena, akauawa tarehe 4 Septemba 1944. Marion alihojiwa na polisi wa siri wa Gestapo, lakini jina lake halikuonekana katika orodha za waasi, wakamwachilia. Karibu marafiki zake wote wa jambo lile walikufa. Yeye alibaki hai, na tangu siku hiyo hakukoma kuandika habari zao, kwa maana aliona kuwa kubaki hai ni deni.

CHAKULA MEZANI, MLANGO WAZI

Katikati ya Januari 1945 majeshi ya Kisovieti yalivunja mstari wa Wajerumani. Mtawala wa Kinazi wa jimbo hilo, Erich Koch, alikuwa amekataza raia wasihame, akidai kwamba kuhama ni woga. Kwa hivyo watu walizuiliwa mpaka saa ya mwisho, kisha wote wakaambiwa waondoke kwa mara moja katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sufuri.

Huko Quittainen watu walifunga mikokoteni usiku. Marion alikula chakula cha mwisho pamoja na wasaidizi wake, wakainuka na kuacha vyombo vyote mezani, wakatoka nje. Hawakufunga mlango. Wa nini?

Msafara ulikwama baada ya kilomita chache tu. Barabara zilijaa mikokoteni, ng'ombe, wazee na watoto wachanga, na farasi walikuwa wakiteleza kwenye barafu. Baada ya saa nyingi za kusimama kwenye baridi, watu wa shamba walikata shauri warudi nyumbani. Walifikiri kwamba wao ni vibarua, mshindi yeyote atahitaji mtu wa kukamua ng'ombe. Lakini walimwambia Marion aende zake, kwa maana yeye, mwenye shamba, angepigwa risasi. Aliwaaga akapanda farasi wake aliyeitwa Alarich, akaelekea magharibi.

Usiku mmoja alifika kwenye daraja la reli la mto Nogat. Mbele yake katika giza alisikia mlio wa mbao, tok, tok, tok. Walikuwa askari watatu majeruhi wa Kijerumani, wakijikokota kuvuka daraja, baadhi yao kwa magongo, bila ya kusema neno. Miaka mia saba hivi ya Wajerumani katika nchi ile ilikuwa ikiisha kwa sauti ya magongo hayo.

Alipofika Pomerania alipumzika Varzin, kasri lililokuwa la Bismarck, yule aliyeunganisha Ujerumani. Alimkuta mkwe wa Bismarck, bibi kizee Sibylle, akiishi na mtumishi wake mzee. Wakimbizi walikuwa wakipita nje mchana na usiku. Bibi huyo alikuwa ameshachimbiwa kaburi lake katika bustani, kwa kuwa alijua kwamba baadaye hapatakuwa na mtu wa kulichimba. Alikataa kuondoka. Walikaa mezani siku mbili wakinywa mvinyo mzuri wa zamani na kuzungumza mambo ya kale kana kwamba hakuna vita, halafu Marion akaendelea na safari. Warusi walipofika, bibi kizee alijiua.

Safari hiyo ilichukua wiki saba, mwendo wa kilomita 1,200 hivi juu ya farasi mmoja. Iliishia Vinsebeck katika Westphalia. Na hapo pana jambo la kustaajabisha. Ukoo wa Dönhoff asili yake ni Westphalia hiyo hiyo. Karibu miaka 600 nyuma babu mmoja wa ukoo huo aliondoka huko juu ya farasi kwenda mashariki kutafuta bahati. Mjukuu wake alirudi vilevile, juu ya farasi, bila ya kitu.

Kasri la Friedrichstein lilichomwa moto mwezi huo huo wa Januari 1945.

KALAMU BADALA YA JEMBE

Mkimbizi huyu wa miaka 36 alikuwa na ujuzi wa kuendesha mashamba katika nchi ambayo haikumwachia shamba. Mwaka 1946 watu wachache mjini Hamburg walianzisha gazeti la kila wiki, Die Zeit, kwa idhini ya Waingereza waliotawala sehemu ile. Walikuwa wamesoma maandishi yake, wakamwita. Alianza kazi bila ya kujua kazi yenyewe.

Alikaa na gazeti hilo kwa miaka 56. Mara moja tu aliliacha, mwaka 1954, gazeti lilipochapisha makala ya Carl Schmitt, mwanasheria aliyewatumikia Wanazi. Marion alisema kwa kitendo kwamba chumba kimoja hakiwezi kuwatosha wawili hao, akaondoka. Mwaka uliofuata, uongozi ulipobadilika, alirudi akiwa mkuu wa kurasa za siasa. Mwaka 1968 akawa mhariri mkuu, mwaka 1973 akawa mchapishaji. Kizazi kizima cha waandishi wa Ujerumani kilipita mikononi mwake. Katika ofisi za gazeti waliendelea kumwita Gräfin, ingawa cheo hicho hakikuwa tena na shamba nyuma yake.

Aliandika juu ya mambo mengi, hata ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, ambao alitungia kitabu mwaka 1987. Lakini swali moja lilimrudia kila mwaka: je, ile ardhi ya mashariki?

SWALI LA MPAKA

Baada ya vita washindi waliigawanya Prussia ya Mashariki. Upande wa kaskazini, pamoja na Königsberg na Friedrichstein, ulitiwa katika Muungano wa Sovieti, na mji ukaitwa Kaliningrad. Upande wa kusini, pamoja na Quittainen, ulipewa Poland. Wajerumani zaidi ya milioni 12 walikimbia au kufukuzwa kutoka nchi za mashariki. Walifika magharibi wakiwa na vyama vyao, sherehe zao na ramani zao, na hapakuwa na mwanasiasa aliyethubutu kuwaambia kwamba hawatarudi.

Marion naye hakuwa tayari kwa jambo hilo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hakutaka vita, lakini aliona kwamba kumwambia mtu atamke mwenyewe kwamba nchi yake si yake tena ni kumtaka awasaliti wafu wake.

Kilichombadilisha ni hesabu, na huyu alikuwa mtu wa hesabu. Ujerumani ndiyo iliyoivamia Poland mwaka 1939, na raia wa Poland karibu milioni 6 walikufa, nusu yao Wayahudi. Wapoland wengi waliopelekwa kukaa katika mashamba ya Wajerumani walikuwa wao wenyewe wamefukuzwa kutoka sehemu za mashariki ya Poland zilizochukuliwa na Wasovieti. Kufikia mwaka 1970 watoto wao waliozaliwa pale walikuwa watu wazima. Ili mtu mmoja arudishiwe shamba lake, ilibidi mwingine afukuzwe tena, na huyo naye angeanza kusubiri. Mnyororo huo ungekatwa wapi, na nani?

Kansela Willy Brandt aliamua kuukata. Alitayarisha mkataba wa kuutambua mpaka mpya, na Marion akautetea gazetini kwa nguvu zake zote. Vyama vya wakimbizi vilimkasirikia. Wao walimwona kama ndugu aliyekwenda kushuhudia upande wa pili.

Brandt alimwalika afuatane naye hadi Warsaw kutia saini, tarehe 7 Desemba 1970. Hiyo ndiyo siku ambayo Kansela huyo alipiga magoti mbele ya mnara wa Wayahudi waliouawa, na picha yake ikazunguka dunia. Marion hakuwepo. Aliomba radhi asiende. Mkataba ulikuwa wa haki, naye aliupigania, lakini hakuweza kusimama na bilauri mkononi na kunywa kwa furaha juu ya kaburi la nyumba yake.

Pengine hapo ndipo tunapomwona bibi huyu vizuri kuliko mahali pengine popote. Si kwamba haikumuuma. Mwaka uliofuata, 1971, wachapishaji na wauza vitabu wa Ujerumani walimpa Tuzo yao ya Amani, nayo ilikuwa tuzo iliyolipiwa.

KURUDI KAMA MGENI

Alirudi Kaliningrad mwaka 1989, miaka 44 baada ya kuondoka. Kasri halikuwepo, hata mawe yake yalikuwa yamekwisha kuondolewa. Hakuwapelekea Warusi waliokaa pale kesi. Aliwapelekea zawadi. Wakati wa vita, sanamu ya mwanafalsafa Immanuel Kant, mwana wa Königsberg, ilikuwa imefichwa Friedrichstein isiharibiwe na mabomu, kisha ikapotea isionekane tena. Marion alichangisha fedha, sanamu nyingine ikatengenezwa kwa mfano wa ile ya kwanza, na mwaka 1992 ikasimamishwa mjini Kaliningrad. Huko Poland, mji wa Mikołajki uliipa shule yake ya sekondari jina lake mwaka 1995. Wapoland walimpa jina lake mahali ambapo babu zake walitawala na ambapo yeye hakumiliki hata kiwanja cha nyumba.

Marion Dönhoff alifariki tarehe 11 Machi 2002 akiwa na umri wa miaka 92, katika nyumba ya mtoto wa kaka yake huko Crottorf. Hakuacha mume wala mtoto. Kile alichokipata kwa kalamu alikuwa amekitilia katika mfuko alioanzisha mwaka 1988 wa kuwakutanisha vijana na wasomi wa Ujerumani na wa nchi za mashariki.

Wapo watakaosema kwamba ni rahisi kusamehe shamba ukishapata gazeti. Yamkini. Vibarua waliorudi nyuma na mikokoteni yao usiku ule wa Januari hawakupata gazeti wala shamba, na majina yao hayamo katika vitabu vya historia. Wala mfano wake si dawa ya kila mahali. Mtu aliyenyang'anywa jana, na mnyang'anyi angali anavuna, ana haki ya kudai na atadai. Huyu alikuwa mtu wa taifa lililoanzisha moto, na alilijua hilo.

Lakini alifikiri jambo ambalo wengi hatupendi kulifikiri, kwamba mtu anaweza kuipenda ardhi kwa moyo wake wote, akajua kila mti wake na kila kona ya mto wake, na bado asiwe mwenyewe. Shamba la Quittainen lina wengine sasa, na Friedrichstein pana wengine. Wanalima, wanazaa, wanazikana pale. Bibi aliyeuacha mlango wazi alikubali, baada ya miaka mingi na kwa uchungu mwingi, kwamba walioingia nao walihitaji nyumba.